Kumuwahi Mama Pascasie

Simu ya Elisée ilimkuta Générose kwenye maegesho ya kiwanda huko Fridley, Minnesota, kofia ya nailoni ya kazini bado iko kichwani. Zamu ilikuwa imekwisha, na wenzake walikuwa wakiondoka na magari yao mmoja mmoja.

"Yaya," mdogo wake alisema kutoka Norwei, akimwita dada mkubwa kama walivyozoea kwao, "kama unataka kumuona Mama akiwa hai, kuja sasa. Usingoje."

"Daktari amesema nini?"

"Moyo umechoka. Maji yanajaa kwenye mapafu. Siku mbili, labda tatu. Na yeye mwenyewe anakuuliza. Kila akiamka anauliza kama umefika."

Générose alikaa ndani ya gari mpaka maegesho yakawa matupu. Miaka kumi na mitatu alikuwa hajamwona mama yake. Waliachana katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walikokuwa wakimbizi kutoka Kongo. Faili lake yeye na mumewe Janvier liliitwa kwanza, kwenda Amerika. Faili la mama yake, Pascasie, aliyeandikwa pamoja na Elisée, lilikuwa bado linasubiri; lingeitwa baadaye, kwenda Norwei. Mama alimwomba aahirishe ili wote waondoke kambini wakati mmoja, hata ikiwa ni baada ya mwaka. Générose alikataa. Ukiahirisha, vipimo vya hospitali vinaisha muda na unaanza upya, na kulikuwa na watu walioanza upya mpaka watoto wao wakaoa humo humo kambini. Alfajiri ya kupanda basi la kuondoka kambini alibisha mlango wa mama yake. Alijua yumo, maana alimsikia akikohoa. Mlango haukufunguliwa.

Tangu hapo waliongea kwa simu karibu kila wiki: watoto, kanisa, baridi ya Minnesota, baridi ya Norwei. Habari ya alfajiri ile haikutajwa hata mara moja. Générose alikuwa amejiambia kwamba jambo kama lile haliongewi kwa simu. Angepata uraia, angepata pasipoti, angekwenda akakae mbele yake. Pasipoti ilitoka mwaka uliopita. Mwaka mzima ilikaa kabatini kwao Columbia Heights, kwa sababu kila mara kulikuwa na zamu, au shule ya watoto, au theluji.

Jioni ile ile Janvier alitafuta tiketi. Yeye angebaki na wadogo. Héritière, binti yao mkubwa mwenye miaka ishirini na minne, angemsindikiza mama yake.

Walitua Bergen, Norwei, Jumamosi saa tatu asubuhi. Kutoka hapo wangepanda ndege ndogo mpaka mji wa Elisée, mji wa kiwanda cha samaki upande wa kaskazini. Lakini ukungu ulikuwa umefunga uwanja wa kule. Ndege ya asubuhi ilikuwa imefutwa, na ya mchana pia. Msichana wa kaunta aliwaambia kwa upole wajaribu kesho.

"Kesho hatuna," Générose alisema kwa Kiswahili. Msichana hakuelewa, akatabasamu.

Wakakodi gari. Ramani ya simu ilionyesha mwendo wa saa saba na vivuko viwili. Mkataba uliandikwa kwa jina la Héritière peke yake.

Ni barabara ambayo watu huvuka dunia kuja kuiona. Milima imesimama wima pande zote mbili, na katikati yake bahari imeingia ndani ya nchi kavu, nyembamba na ndefu kama mto uliosimama. Wenyeji huiita fiodi. Maji yanadondoka kutoka kwenye theluji za juu mpaka karibu na lami, na nyumba nyekundu zimekaa mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Kwenye kila kona pana walikuwepo watalii wamesimama wakipiga picha. Générose alifikiria barabara ya Uvira kwenda Baraka, jinsi milima inavyoteremka mpaka ziwani na kuibana njia. Mama yake alizaliwa kando ya barabara ile. Amekuja kufia mahali panapofanana na kwao, aliwaza, na mimi niko nyuma ya basi la watalii.

"Mama, ona," Héritière alisema akipunguza mwendo. Poromoko la maji lilikuwa likirusha manyunyu mpaka kwenye kioo. "Mama, please, ona tu."

"Usipunguze."

"Nimeangalia kidogo."

"Utaangalia tukirudi."

Kwenye kivuko cha kwanza walikosa nafasi kwa magari matatu. Kizuizi kilishushwa mbele yao, kivuko kikajitoa gatini taratibu, na watu wakaonekana kwenye sitaha wakila soseji. Générose alishuka akasimama ukingoni kabisa. Simu ikalia.

"Mko wapi?" Elisée aliuliza.

"Kwenye maji. Tumeachwa."

"Pumzi yake imebadilika, Yaya. Anavuta, anakaa kimya, halafu anavuta tena."

"Mwambie niko njiani."

"Namwambia kila mara."

Héritière alikuwa amesogea akasikia. Kazi yake huko Saint Paul ilikuwa kuhudumia wazee, na pumzi ya namna ile aliijua. Aliingia garini akafunga mkanda, ingawa kivuko kingine kilikuwa bado dakika arobaini.

Kilomita kumi baada ya kivuko cha pili, magari yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Mwanamume mwenye koti la rangi ya chungwa alikuwa akipita dirisha kwa dirisha. Mawe yalikuwa yameporomoka mbele. Hakuna aliyeumia, alisema, lakini mlima lazima ukaguliwe kwanza. Labda saa mbili. Labda jioni.

"Hakuna njia nyingine?" Héritière alimuuliza kwa Kiingereza.

Mtu yule alionyesha kwa kidole juu, ambako mstari wa kijivu ulipanda mlimani ukijikunja. Barabara ya zamani, alisema. Nyembamba sana, lakini ilikuwa imefunguliwa wiki iliyopita baada ya kuondolewa theluji.

"Mbona hawa wengine hawaipiti?"

"Wako likizo," alijibu. "Hawana haraka."

Héritière alipanda kona nne. Kwenye ya tano gari lilisimama lenyewe, maana mguu wake ulikuwa umekataa. Chini ya dirisha lake palikuwa na hewa tupu, na chini kabisa maji ya fiodi, na mstari wa magari waliyoyaacha umekuwa mdogo kama uzi.

"Siwezi," alisema. "Mama, siwezi. Nimejifunza ku-drive Columbia Heights. Kule hakuna hata kilima."

"Toka, nishike usukani mimi."

"Jina lako haliko kwenye mkataba."

"Toka, mwanangu."

Générose alijifunza kuendesha akiwa na miaka thelathini na minane, kwenye maegesho ya kanisa, Janvier akiwa pembeni amekamata mpini wa mlango kwa mikono miwili. Sasa alipanda kona baada ya kona bila kutazama pembeni. Juu kabisa waliingia kwenye ukungu. Theluji ya Juni ilikuwa imesimama kama kuta mbili, na katikati barabara ya gari moja tu. Hapa na pale palikuwa na kibao cha buluu chenye herufi M, mahali pa kupishana.

Taa mbili zikatokea kwenye ukungu. Lilikuwa gari kubwa la watalii, lile lenye vitanda na jiko, na halikuwa na pa kwenda. Kibao cha karibu kilikuwa nyuma ya Générose. Héritière alishuka akatembea nyuma ya gari akimwelekeza kwa mikono, kushoto, kushoto, na Générose akarudi nyuma taratibu mpaka gurudumu likateleza, likazama kwenye mtaro chini ya ukuta wa theluji.

Alikanyaga mafuta. Gurudumu lilizunguka bure. Alikanyaga tena. Kisha alishuka, akapiga magoti, akaanza kuchimba theluji kwa mikono mitupu. Alichimba, theluji imeingia kwenye mikono ya sweta, vidole vimekuwa vyekundu. Héritière alimshika bega na yeye akautoa mkono ule. Mzee mmoja alishuka kwenye gari la watalii, akatazama, akarudi kutafuta kamba. Mkewe alikuja na koti, akalitandaza mgongoni kwa Générose kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Mzee alipokuwa akifunga kamba, Héritière aliona simu imepata mtandao. Alipiga, akampa mama yake.

"Mwekee sikioni," Générose alimwambia Elisée.

Alisikia kitambaa kikisugua simu, kisha pumzi. Ilivuta, ikakaa, ikavuta.

"Mama, ni mimi. Générose. Niko karibu kabisa. Mama, asubuhi ile ya basi, mimi nilisimama pale mlangoni..."

"Nani anaendesha?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Mimi, Mama."

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi. Mama, nilitaka kukuambia..."

"Hiyo milima ni mibaya," mama yake alisema. Akapumzika kidogo. "Endesha polepole."

Elisée alichukua simu tena na kusema Mama amefumba macho. Kamba ilikazwa, gari la watalii likavuta, gurudumu likatoka.

Na Générose akaendesha polepole. Upande wa pili wa mlima ukungu uliachia, fiodi ikaonekana yote imewaka jua, na yeye akashuka na gia ndogo, kona moja moja, kama alivyoagizwa. Hakumpita mtu. Miezi mingi baadaye, kwenye mstari wa kiwanda huko Fridley, mikono ikiwa kazini, bado alikuwa akizipima zile dakika. Ni wapi angeweza kukaza mwendo. Ni wapi alisubiri kondoo wavuke.

Elisée alikuwa amesimama nje ya mlango wa hospitali, bila koti, mikono imening'inia. Générose alizima injini.

"Lini?"

"Sasa hivi. Nusu saa, haifiki hata."

Alikuwa amefikiri atapiga kelele. Badala yake alimuuliza nesi kwa Kiingereza kama anaweza kupata beseni la maji ya uvuguvugu. Nesi alimwambia wameshamsafisha. Générose akasema anajua. Maji yaliletwa, Héritière akashika beseni, na Générose akafunua shuka akaanza kuosha miguu ya mama yake, miguu ambayo ilikuwa imekuwa midogo kuliko alivyoikumbuka. Wakati akiosha alisema yote. Basi, mlango, kikohozi alichokisikia, na jinsi alivyohesabu mpaka mia kabla ya kuondoka, na jinsi ambavyo hata mlango ungefunguliwa angepanda basi vile vile. Alilisema na hilo pia.

Alipomaliza alimgeukia Elisée.

"Aliwahi kukuambia kuhusu siku ile?"

"Jana alinipa ujumbe. Alisema, Générose akija akaanza habari za basi, mwambie nilishasahau."

"Alikuwa amesahau?"

"Hapana, Yaya." Alipangusa uso kwa kiganja. "Alikuwa anaiongelea kila Jumapili. Lakini alitaka nikuambie hivyo."

Générose aliinamisha kichwa juu ya beseni na hapo ndipo alipolia, mabega yote yakitikisika, mpaka maji yakamwagika kwenye viatu vya Héritière. Binti hakusogea. Nje ya dirisha meli ya watalii ilikuwa ikipita, nyeupe, na watu wamejipanga juu wakitazama milima.

"Mguu wa kushoto bado," Générose alisema baada ya muda.

Elisée akachukua taulo, akaja upande wake.