Karatasi Iliyobanduliwa Jikoni

Nyoka aliletwa mezani ndani ya chupa ya kahawa, amezamishwa kwenye spiriti, urefu wake rula moja na nusu ya shule. Aliyemleta alikuwa fundi umeme ambaye ukoo mzima ulimwita Volti, kwa kazi yake na kwa hasira zake. Aliitua chupa mbele ya dada yake mdogo kama mtu anayetua ushahidi mbele ya hakimu.

"Haya, Mama Chupa. Kazi kwako."

Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, tangu dada huyo alipoajiriwa na chuo kutunza nyoka waliokufa: chupa mia nne na kumi na mbili, kila moja na lebo yake. Leo alikuwa amekuja nyumbani kwa marehemu baba yao na sahani ya bati, koleo ndogo, sindano na lenzi. Baba alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Tangu siku hiyo Mama Chupa hakuwa amelia. Si kwamba alijikaza. Alikitafuta kilio, hakukikuta, akaendelea na mengine.

"Nataka neno moja tu," Volti alisema. "Ana sumu au hana."

Neno hilo lilikuwa na uzito wake. Asubuhi ya siku aliyokufa, Mzee, baba yao, alimkuta nyoka bafuni, akamshika kwa vidole viwili nyuma ya kichwa ili amtoe nje, akaumwa kidole gumba. Jirani aliyeitikia kelele alimponda nyoka kichwa kwa kisigino cha kiatu. Mama mdogo, mke wa pili wa Mzee, aliosha kidonda na kumpikia mumewe chai. Kufika saa sita mchana Mzee alikuwa ameaga dunia, na hospitali waliandika kwamba ni moyo. Volti hakuridhika. Nyumba ilikuwa ya watoto kwa hati, na yeye alikuwa ametangaza: nyoka akiwa na sumu, basi mama huyu alikaa na mtu anayekufa akichemsha maji, na hapa hatalala wiki nyingine. Akiwa hana, ni moyo kweli, mama abaki, na yeye Volti ataomba radhi.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anamenya viazi.

"Mkono umevimba mpaka kwapani," Volti alimwambia, "wewe unatia sukari."

"Alitaka chai. Baba yako humjui? Ukimtajia hospitali anakuuliza nani anaumwa."

"Dalili ya mvua ni mawingu, mama mdogo."

"Mawingu niliyaona. Yeye akasema yatapita." Akageukia mezani. "Mwanangu, sema utakachokiona. Usinionee huruma."

Mama Chupa alimtoa nyoka kwa koleo, akamsuuza, akamlaza kwenye sahani. Kichwa kilikuwa kimesagika kama ugoro. Watu wakiua nyoka huanza na kichwa, na kichwa ndicho ambacho yeye angekisoma kwanza. Hakulaumu; katika chupa zake mia nne, theluthi moja ya nyoka walifika hivyo hivyo.

Alikuwa nyoka mweusi, laini, wa kung'aa, mkia mfupi uliokatika ghafla na kuishia kwenye ncha. Nyoka kipofu, yule anayeishi kwenye udongo na kula mchwa, anafanana naye hivyo hivyo, na hamdhuru mtu. Tofauti iko chini. Magamba ya tumbo la nyoka kipofu ni madogo, sawasawa na ya mgongo. Mama Chupa alimgeuza.

Magamba ya tumbo yalikuwa mapana, moja moja, yamepangana kutoka shingoni hadi mkiani kama vipandio vya ngazi.

Aliyahesabu ingawa hapakuwa na haja. Kisha akaingiza sindano kwenye taya lililopondeka, akavuta jino la sumu. Lilikuwa refu kuliko ungedhani, limelala kwa ubavu. Nyoka huyu haachami. Hutoa jino pembeni mwa mdomo uliofungwa na kuchoma kwa nyuma, kwa hiyo anayemshika nyuma ya kichwa amejipeleka mwenyewe.

Aliweka jino pembeni mwa sahani na kuinua macho ukutani. Kati ya friji na dirisha palikuwa na mstatili wa rangi safi kuliko ukuta wote, na vipande vya utepe wa gundi kwenye pembe nne.

Yeye ndiye aliyeibandika karatasi pale, miaka miwili nyuma, Mzee alipoomba afundishwe nyoka wa kuogopa na nyoka wa kuacha. Alichora kifutu, swila na koboko. Chini kabisa akaandika: mdogo, mweusi, macho kama vichwa vya pini, ni nyoka kipofu, hana sumu, mshike taratibu umtoe nje.

Angelisema neno "hana," mama mdogo angebaki, Volti angetulia, na karatasi isingeulizwa na mtu. Uongo huo ungemfaa kila aliyekuwa jikoni, yeye wa kwanza. Aliupima kama anavyopima kitu chochote, akauona haumo kwenye sahani.

"Mama mdogo, karatasi iliyokuwa pale iko wapi?"

Kisu kilisimama. "Karatasi gani?"

"Niliyoandika."

"Ilirukiwa na mafuta. Nikaitupa."

"Lini?"

"Siku ya msiba. Kabla hamjafika."

"Sisi tunaongea nyoka," Volti alisema, "nyinyi mnaongea usafi."

"Ana sumu," Mama Chupa alimjibu. "Baba alimshika kwa sababu niliandika ashikwe. Mama mdogo alichemsha chai kwa sababu niliandika hana sumu. Dawa ya kifutu ipo, ya swila ipo. Ya huyu haipo. Sumu yake hushika moyo, na hospitali wangeuangalia huo moyo tu. Ingesaidia au isingesaidia, siwezi kukupimia."

Volti alivuta kiti, akakaa. "Ulikuwa unajua kwamba nyoka wa hivi yupo?"

"Nilijua."

"Na hukumwandika."

"Huonekana mara chache. Na karatasi ilikuwa imejaa."

"Kwa hiyo," Volti alisema bila ukali, "nimfukuze nani?"

Mama mdogo aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akafungua droo ya vijiko. Chini ya vijiko alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Haikuwa na tone la mafuta. Aliilaza mezani, mbali na maji.

"Ulikuwa umeshafiwa," alisema. "Nikaona inatosha."

Mama Chupa alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Alinyoosha mkono, na Volti akachomoa penseli nyuma ya sikio akampa.

Aliufuta mstari wa mwisho kwa mkwaruzo mmoja. Alitafuta pa kuandikia masahihisho yake, pembeni, juu, kati ya kifutu na swila. Hapakuwa na nafasi, kama alivyosema. Akaigeuza karatasi.

Upande wa nyuma ulikuwa mweupe wote.