Pindo la Bafta

Pini zilikuwa zikidondoka mojamoja ndani ya kifuniko cha bati. Ti. Kisha kimya cha kushona. Ti.

Nashon aligeuka kitandani. "Mama Nekesa, hata jogoo wa jirani Mwololo bado amelala."

"Namalizia pindo."

"Tangu jana unamalizia."

Nakhumicha alisogeza taa karibu na kitambaa cheupe kilichokuwa magotini mwake, akaendelea kupinda ukingo. Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za wimbi. Alitaka kiwe kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, kwa sababu asubuhi hiyo angekipeleka mjini kwa Bi Mishi kumwomba radhi, na hakujua kama angefunguliwa mlango.

Nashon mumewe aliamka, akawasha jiko, akachemsha chai mwenyewe, jambo ambalo wanaume wengi wa Kangemi mwaka ule wa sabini na mbili wasingetaka majirani walijue. "Kunywa kwanza," alisema. "Ukienda kuomba msamaha na njaa, utadhaniwa unaomba ugali."

Alikunywa, lakini hakucheka.

Kushona mifarishi, yale mablanketi ya viraka yenye pamba ndani, alijifunza kwa akina mama wa kanisa kule Hurlingham, alikokuwa akifua nguo za watu. Alianza na vitu vidogo: vishikio vya sufuria, foronya, mto mdogo wa kuchomekea pini. Baadaye akaupenda mchezo wenyewe, kuketi sakafuni jioni na kuhamisha kipande chekundu mpaka kipate jirani anayekifaa. Mabaki ya vitambaa aliyapata kwa fundi Taib, nyuma ya River Road. Mama yake Taib, Bi Mishi, mzaliwa wa Mombasa, aliishi ghorofani juu ya duka. Alikuwa amedarizi kofia maisha yake yote, na sasa macho yalikuwa yamechoka. Siku moja alimwita Nakhumicha apande ngazi amtungie uzi kwenye sindano. Nakhumicha akamtungia sindano za wiki nzima, akazipanga mstari kwenye mto. Tangu hapo kila Jumamosi alipanda ngazi zile, na kila Jumamosi alikuta amewekewa kahawa ya tangawizi na kipande cha halwa kilichofunikwa na kisahani.

Kisha likaja jambo la sanduku. Bi Mishi mguu ulikuwa unamuuma, akasema akiwa kitandani, "Fungua sanduku, mwanangu. Kuna furushi la vitambaa nimekuwekea. Libebe."

Sandukuni mlikuwa na mafurushi mawili, yote yamefungwa kwa leso za rangi moja. La kwanza lilikuwa na viraka vya kila namna. La pili lilikuwa na bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri, na pamba safi, na harufu ya kafuri. Nakhumicha alikaribia kulia kwa furaha. Viraka vya juu, pamba ya katikati, bafta ya chini: mama huyu amefikiria mfarishi mzima. Kafuri alidhani ni ya kufukuza nondo. Akayabeba yote mawili.

Mfarishi ule ulipata utepe wa buluu kwenye maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa kanisa. Bi Mishi alikuja, ameshikwa mkono na Salme, mkewe Taib. Nakhumicha alipoombwa aseme neno, aliugeuza mfarishi watu waone upande wa nyuma.

"Bafta hii na pamba iliyo ndani nilipewa na rafiki yangu," alisema. "Bi Mishi, simama wakuone."

Bi Mishi alikuwa ameshika ncha ya mfarishi, ameipeleka puani. Alisimama. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Akainamisha kichwa, akaketi polepole.

Wiki iliyofuata, dukani, Salme alimvuta Nakhumicha kando ya cherehani. "Dada, mama amenikataza nisikwambie, lakini nashindwa. Ile bafta ni sanda yake. Marehemu mumewe aliitoa Maka, akiwa ameiosha kwa maji ya kisima kitakatifu cha Zamzam. Alijiwekea, na pamba yake, kwa siku ya kuzikwa."

Nakhumicha alitoka dukani bila kuchukua hata kiraka. Jumamosi iliyofuata hakwenda, wala ile ya baadaye. Mfarishi aliukunja akauweka chini ya kitanda, asiweze kujifunika wala kuufumua. Kukata kitambaa kulimuuma, lakini kilichomchoma zaidi ni yale makofi. Alikuwa amemsimamisha mama mtu mzima mbele ya watu ashangiliwe kwa sanda yake mwenyewe. Akikumbuka hivyo akiwa anafua, mikono ilisimama ndani ya povu.

Mwishowe alikwenda kununua bafta mpya. Muuzaji alimtazama, akashusha sauti. "Pole, mama. Nani ametutoka?"

"Hakuna. Bado," alisema Nakhumicha, akiangalia viatu vyake. Muuzaji alipima, akaongeza kipande juu ya kipimo, akakata.

Sasa alikuwa amesimama juu ya ngazi, furushi la mfarishi kwapa moja, la bafta kwapa jingine. Kabla hajabisha, sauti ikatoka ndani.

"Hizo hatua nazijua. Ingia."

Bi Mishi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Sindano zote kwenye mto zilikuwa hazina uzi.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba. Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana." Nakhumicha alipiga magoti. "Salme aliniambia. Mimi sikujua. Kwetu sijawahi kuona mtu akijiwekea... Nilidhani umenipa. Na nikakusimamisha mbele za watu."

Bi Mishi alichomoa sindano moja isiyo na uzi, akaichomeka tena kwenye mto.

"Nilikasirika," alisema. "Sitakuficha. Nilirudi hapa nikalia, maana yale maji mume wangu aliyateka kwa mkono wake, na hayarudi. Lakini pale ukumbini ningesema nini? Ulikuwa unang'aa kama bi harusi."

"Ungenikemea."

"Mbele ya wale mabibi wa kanisa na kofia zao? Wakuone mwizi?" Alinyoosha mkono. "Nipe huo mfarishi."

Aliutandaza mapajani, akaupapasa upande wa nyuma, kisha akauinua puani. "Kafuri bado ipo," alisema kwa sauti ndogo. Hakuurudisha. "Na hilo furushi jingine?"

"Bafta mpya. Najua si kama ile. Nimeishona kwa mkono, sikutaka cherehani iiguse."

Vidole vya Bi Mishi vilitembea juu ya kitambaa, vikafika ukingoni, vikasimama. Vikafuata pindo kona hadi kona. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Nakhumicha akafunika uso, akidhani amemliza tena.

"Salme," Bi Mishi aliita, pumzi ikimkatika kwa kicheko, "njoo uone. Nimepindiwa sanda."

Salme alichungulia mlangoni, akashika mdomo.

"Mwanangu, sanda haishonwi," alisema Bi Mishi, akijifuta machozi kwa upande wa leso. "Haitiwi sindano hata moja. Inakatwa tu, mtu anafungwa, anakwenda."

Nakhumicha alihisi uso wake ukiwaka mpaka masikioni. "Nimekukosea mara ya pili."

"Mara ya pili umenikosea kwa mishono mizuri sana." Bi Mishi aliikunja bafta ile, akaiweka juu ya mfarishi. "Hii nitailalia, na huu nitajifunika. Wewe nitungie hizo sindano, kofia ya Taib imekwama." Akasukuma kisahani kilichokuwa kando yake. Chini yake halwa ilikuwa imekauka kingo, ya Jumamosi iliyopita au ya kabla yake.

Nakhumicha aliila yote. Alitunga sindano, akazipanga mstari. Alipoinuka kuaga, Bi Mishi alimshika ncha ya nguo.

"Jumamosi uje tena, na bafta isiyoguswa na sindano," alisema. "Njoo, mwanangu. Usipokuja sina cha kuzikiwa, itabidi niendelee kuishi tu."