Yaliyokuwa Nyuma ya Kufuli

Tangu mdogo wake atoke kliniki ya walevi, miezi minne iliyopita, dada mtu hakuwa na raha. Alikuwa fundi cherehani: mkono ukishona, pua ikinusa. Alinusa vikombe, mashati, hata foronya. Hakupata kitu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kisha likaja kufuli. Kila jioni, akitoka karakana ya kuchomelea vyuma, mdogo wake alijifungia stoo saa nzima, na akitoka anapiga kufuli.

"Unafanya nini humo?"

"Kazi ya kliniki, dada."

"Kliniki gani hiyo ya kufichwa?"

Akacheka, akaenda kuoga. Kicheko hicho dada alikijua. Kilimdanganya miaka kumi.

Alhamisi, mdogo wake akiwa kazini, aling'oa komeo kwa bisibisi. Akapekua ndoo, magunia, makopo ya rangi. Chupa hakuna. Palikuwa na kiti tu, na daftari la shule lililojaa mwandiko.

Ilikuwa hadithi. Mlevi mmoja anauza cherehani ya marehemu mama yake, kisha anamwambia dada yake kwamba alimwona jirani akitoka nayo.

Akakaa kwenye kiti. Cherehani ya mama ilipotea miaka mitatu nyuma. Tangu hapo hakumpa fundi viatu wa jirani hata salamu.

Mdogo wake alimkuta na daftari mapajani.

"Ni hadithi tu, dada. Mwuguzi anatuambia tubuni, tuandike, mpaka kiu ipite."

"Na cherehani umeibuni?"

Alitazama komeo lililong'oka. "Hapana."

"Na haya mengine?"

"Mengine nimebuni."

"Nitajuaje?"

"Niulize. Nitakujibu."

Hakumwamini. Akamburuta mkono hadi kwa fundi viatu. "Soma!"

Mdogo wake akasoma. Fundi viatu aliendelea kugongea misumari mpaka ukurasa wa pili, nyundo ikatulia.

"Miaka mitatu naitwa mwizi," alisema hatimaye, "na wewe unatunga hadithi."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Kesho uje uwasomee na wale wa bombani. Huko ndiko jina langu lilikochafuliwa."

"Nitakuja."

Dada alimkazia macho, akitafuta uongo usoni mwake. "Nitamleta mwenyewe," akasema.

Kesho yake walifika bombani mapema, mdogo mtu mbele na daftari, dada nyuma yake hatua moja.