Siri ya Jikoni kwa Bi Ernestine

Wendell Stroud alikuwa na kinyongo cha miaka mitatu, na alikilea vizuri kuliko wanaume wengi wanavyolea watoto wao. Mkewe alikuwa amechoka kukisikia kila wanapoketi mezani.

Kinyongo chenyewe kilikuwa na jina: Boyd Kessinger, kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo cha Tallis. Stroud alimfundishia ulinzi kwa misimu sita. Kila majira ya baridi alizunguka Mississippi nzima akiketi jikoni kwa watu, akila walichopika, akiwaomba akina mama wawaruhusu vijana wao waje kucheza Tallis. Mwaka wa mwisho alimleta Lavonte Gaddis, mrusha mpira aliyekuwa akigombewa na kila chuo cha kusini. Lavonte alitia saini kujiunga na Tallis Jumatano. Alhamisi asubuhi Kessinger alimwita Stroud ofisini, akamwambia aache funguo mezani. Kumbe alishaamua kumfukuza tangu Krismasi. Alikuwa akingoja tu vijana watie saini, maana wakishasaini hawana pa kwenda.

Makocha wakuu wengi hufanya hivyo na hawaoni haya. Lakini Stroud alikuwa amemshika mkono Bi Ernestine Gaddis, mama yake Lavonte, mbele ya sahani ya kuku wa kukaanga, akamwambia, "Miaka yote minne nitakuwa naye, mama. Nitamtazama kama wangu." Kessinger alimfanya mwongo kwa mwanamke yule, na hilo ndilo lililomkaa kooni.

Sasa Stroud alikuwa kocha wa ulinzi wa Chuo cha Weir, chuo kidogo kisichojulikana. Tallis waliwaalika siku ya sherehe ya wahitimu wao wa zamani, yaani waliwaita waje wapigwe mbele ya wageni. Ila mwaka huo Kessinger alikuwa amekalia kuti kavu. Matajiri wanaokifadhili chuo walikuwa wamesema waziwazi kwamba akifungwa hata na Weir, afungashe virago. Stroud aliposikia habari hiyo alilala usingizi mtamu.

Kufikia mapumziko, Tallis walikuwa na pointi kumi na saba, Weir sita. Lavonte alikuwa akijifanya anamkabidhi mkimbiaji mpira, walinzi wote wa Weir wanamfuata mkimbiaji, kisha yeye anaurusha juu ya vichwa vyao kwa raha zake.

Wakati wa kuingia vyumbani, Kessinger alipita karibu na Stroud, akampiga begani.

"Wendell, mbona umenenepa? Kule Weir wanakulisha vizuri, ee?" Wasaidizi wake wakacheka. "Unaona sasa? Nilikufanyia hisani."

Stroud aliwafuata vijana wake ndani, bega likimwasha.

Chumbani, nahodha wa ulinzi, Kip Dunleavy, alikuwa ametupa helmeti sakafuni. "Kocha, yule Lavonte anatuuzia mbuzi kwenye gunia, na sisi tunanunua tu."

Stroud alikuwa na dawa, na alikuwa nayo tangu mwanzo wa mchezo. Siku ile jikoni, Bi Ernestine alikuwa amemnong'oneza akicheka, Lavonte akiwa nje: "Huyu hawezi kunidanganya, kocha. Akitaka kusema uongo lazima apanguse kiganja cha kushoto pajani. Mwenyewe hajui. Usimwambie mtu, hii ndiyo silaha yangu pekee." Na kipindi chote cha kwanza Stroud alikiona kiganja kile kikipanguswa kabla ya kila hila. Wengine walidhani kijana anafuta jasho. Alikuwa ameapa kutoligusa jambo lile, kwa heshima ya mama yule. Lakini sasa bega lilikuwa bado linamwasha pale Kessinger alipomgusa.

"Tazameni kiganja chake cha kushoto," akasema. "Akikipangusa pajani, anadanganya. Mwacheni mkimbiaji, mfuateni yeye."

"Umejuaje, kocha?"

"Nimejua. Nendeni mkamle."

Kipindi cha pili Lavonte alikiona cha mtema kuni. Kila alipojaribu hila, Dunleavy alikuwa ameshamfikia, anamlaza chini kama gunia la mahindi. Mipira aliyowahi kuirusha ilidakwa na Weir. Wahitimu wa zamani, waliokuja kusherehekea, walianza kumzomea kijana wao wenyewe. Kessinger alimtoa nje, akamfokea mbele ya kamera, mate yakimrukia usoni. Stroud alitazama yote hayo na kuona raha isiyo na kifani. Kila Lavonte alipoanguka, yeye alimwona Kessinger akianguka.

Weir ishirini, Tallis kumi na saba. Kessinger alikuja kumpa mkono, uso umempauka.

"Asante kwa hisani," Stroud akamwambia, na hakuuachia mkono ule haraka.

Alipogeuka alimkuta Lavonte amesimama, helmeti mkononi, mdomo umechanika. Nyuma yake alikuwa Bi Ernestine, amevaa fulana yenye namba ya mwanawe.

"Shikamoo, kocha," Lavonte akasema.

"Marahaba, mwanangu. Bi Ernestine, siku ile mimi..."

"Najua," mama akamkatiza, akitabasamu. "Walikufukuza. Nilimwambia huyu siku ileile: kocha hakutukimbia, katupwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyekusema vibaya."

Miaka mitatu Stroud alikuwa akidhani mwanamke huyu anamwita mwongo.

"Kocha, nakosea wapi?" Lavonte akauliza. "Leo mlikuwa mnajua kabla sijarusha. Kule ndani wananitukana tu, hakuna anayenifundisha. Niambie nijirekebishe."

Mwaka ujao timu hizi zingekutana tena.

"Hukukosea kitu," Stroud akasema. "Ilikuwa siku mbaya tu."

Hatua chache kutoka pale, Dunleavy alikuwa akiwachekesha wenzake. Alijifanya anarusha mpira, akapangusa kiganja cha kushoto pajani kwa madaha, wenzake wakaangua kicheko.

Bi Ernestine aliona. Tabasamu likamtoka taratibu. Hakumtukana Stroud wala hakumtazama. Alimshika mwanawe mkono.

"Ni mimi, baba," akamwambia. "Nilimwambia mwenyewe, jikoni kwetu. Twende nikueleze."

Wakaondoka. Stroud alifungua kinywa awaite, lakini vijana wa Weir walikuwa wameshamfikia kwa vifijo, wakambeba mabegani. Kutoka kule juu aliwaona wawili wale wakielekea langoni, mama akizungumza, kijana akitazama kiganja chake. Hakuna aliyegeuka.