Bunduki Yangu Ilipoposwa

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nakiri mapema ili Makwaya, mwindaji mwenzangu, asipate raha ya kuwahi kuwaambia.

Bosi wa kambi alikuwa ametutangazia: risasi za ledi, ile metali laini na nzito, basi. Vipande vyake hubaki kwenye matumbo ya nyati, tumbusi wakila wanakufa kwa sumu. Sasa ni shaba tupu, na kila mtu atafute shaba inayopendwa na bunduki yake. Atakayelenga vizuri ndiye atakayempeleka mgeni aliyekuja kuwinda kwa nyati asubuhi.

Tulipojaribu kwenye shabaha, matundu matatu ya Makwaya yalifunikwa na kizibo kimoja cha soda. Yangu yalitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Nilicheka sana, lakini wivu uliniwasha kama upupu.

Basi usiku ule nikaota bunduki yangu imejifunika kanga, imeketi mkekani, inasubiri posa.

Anaingia Ledi, mnene, anahema. Nyati, ambaye ndiye baba mzaa bunduki, anavaa miwani.

"Ukiingia kwangu, utabaki mzima?"

"Nitasambaa, mzee."

Tumbusi wawili upande wa wageni wanakohoa. Ledi anatolewa nje.

Namsukuma mbele mposaji wangu: shaba ndefu, nzito, uzito uleule wa Ledi. "Huyu anamzidi wa Makwaya!" nasema.

Bunduki inafunua kanga. "Umenichagulia mimi, au umechagua ili umshinde Makwaya? Shaba ni nyepesi, bwana wangu. Ukitaka uzito wa ledi unapata mrefu hivi, na mrefu hivi hazunguki sawasawa mtutuni mwangu, akitoka anayumba."

Anaingia shaba wa Makwaya, mfupi, anang'aa, salamu zake zimenyooka.

"Nitafunguka kama ua," anamwambia Nyati, "lakini sitaangusha hata petali moja."

Bunduki inacheka. Kicheko hicho mimi sijawahi kupewa, na nimelala nayo misimu yote ya mvua na kiangazi.

"Anajipendekeza tu huyo!" nasema.

Hakuna anayenisikia, maana mkeka umekuwa mtutu. Tunatembea ndani yake kwa foleni. Kuta zina masizi na ukoko wa ledi. Bwana harusi anasimama mlangoni.

"Siingii. Nyumba inanuka mume wa zamani."

"Nani hufagia hapa?" anauliza Nyati.

Wote wananitazama.

"Jana niliipangusa," nasema. "Kwa nje."

Tumbusi mmoja anacheka mpaka anadondosha manyoya. Makwaya anakunja mikono ya shati, anachukua burashi, anaanza kusugua mtutu wangu huku akiimba.

"Taratibu, baba," inasema bunduki, kwa sauti laini.

Baba! Nikapiga ukelele, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Bunduki imeegemea kitanda. Nikainusa mtutu: udi. Udi mtupu, wa maharusi.

Nikatoka na shuka kiunoni. Makwaya alikwisha kupanda gari na mgeni, injini inanguruma.

"Makwaya! Nani ameifukiza udi bunduki yangu? Uliingia hemani kwangu, we mwizi? Jibu!"

Akachungulia dirishani, akanitazama kuanzia shuka kwenda juu.

"Mtani, mimi nimelala na yangu. Kama yako imeanza kujifukiza yenyewe, ujue imechoka kukungoja wewe."

Gari likaondoka.