Wosia wa Mzee Mwaka

Chumba cha nyuma cha nyumba yetu kilikuwa na mlango, ila mlango wenyewe ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Nyuma yake mama yangu, Doña Auristela, alikuwa amerundika feni zisizo na mapanga, makopo ya maziwa, jagi la blenda iliyokufa, mlango wa friji ambayo hakuna aliyekumbuka ilikokwenda, baiskeli bila magurudumu, mifuko iliyojaa mifuko, na vipande vya vitambaa vya kila sare ya shule aliyowahi kushona. Ukimuuliza kitu chochote kinakaa mle kwa sababu gani, jibu lilikuwa moja.

"Itafaa."

Mwishoni mwa Novemba dada yangu Maryuri akapiga simu kutoka Machala. Alikuwa anatarajia kujifungua Januari, mtoto wa kwanza, na alitaka kujifungulia kwetu Guayaquil, Ekuado, kwa mama yake. Lakini alikijua kile chumba. Alisema angekuja siku ya mwisho ya mwaka na begi lake. Akiiona sakafu, anakaa. Asipoiona, anapanda basi na kurudi kwa mama mkwe.

Mama alimchukia yule mama mkwe kwa moyo wake wote. Alidai kwamba anapika wali kama mtu anayekoroga saruji, na kwamba tayari alikuwa ameanza kumchagulia mtoto jina. Mjukuu wa kwanza aogeshwe na mikono ile? Mama akamwahidi Maryuri kwamba sakafu ataiona. Akakata simu, akajipenyeza chumbani, akakaa mle hadi kahawa ikapoa. Alipotoka alikuwa ameshika kifungo kimoja cha shati.

"Nimeanza," akasema, akakitia mfukoni.

Mimi si mtu wa kungoja vifungo. Kesho yake, mama akiwa kwenye cherehani, nilitoa feni mbili nikazipakia kwenye gari la takataka. Mama akalisikia likiondoka. Sijui alijuaje. Alilikimbiza na ndala zake hadi kona ya duka la dawa, akarudi na feni zote mbili pamoja na kiti cha miguu mitatu ambacho hakikuwa chetu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Mwaka.

Kila Desemba tunamtengeneza: sanamu la nguo kuukuu lililojazwa maranda, la kuchomwa moto mwaka unapoisha. Na kwa kuwa anakufa, anaacha wosia, na wosia wake husomwa kwa mashairi. Mitaa mingine humsomea siku ya mwisho tu. Mtaa wetu una maringo zaidi. Sisi tunamkalisha kwenye kiti mlangoni mwezi ukianza, na kila jioni, watu wanapotoka nje kutafuta upepo, yeye humwachia mtu mmoja kitu kimoja. Mara nyingi ni mzaha, kama kumwachia mwenye kipara kitana. Lakini akitaja kitu cha kweli, kitu hicho kinatoka. Haipingwi. Mwaka mmoja aliwaachia wanakwaya kodiani ya Don Eudoro, fundi viatu, mtu anayeng'oa misumari kwa meno. Don Eudoro aliitoa huku machozi yakimtoka, na tangu kinanda hicho kihame mtaa mzima unalala vizuri.

Wosia wa mtaa wetu nautunga mimi, Galo. Vina sikufundishwa na mtu. Nilivifuata mwenyewe sokoni, midomoni mwa wauza samaki, na mtaani kwetu hakuna anayenikaribia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Jioni ya kwanza nikasimama kando ya Mzee Mwaka, nikakohoa, nikasoma:

*Mirella, nakuachia*
*jagi lisilo mashine;*
*yako, mjane, yalia,*
*leo hii vioane.*

Doña Mirella anauza juisi nyumba ya pili kutoka kwetu, na kila mtu alijua kwamba jagi la blenda yake lilipasuka zamani. Watu wakapiga makofi. Mama alicheka hadi mstari wa pili. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akautazama mtaa, na mtaa mzima ulikuwa unamtazama yeye. Akainuka. Tukasikia vitu vikianguka kule nyuma. Aliporudi alikuwa amebeba jagi, akalifuta kwa sketi yake, akalikabidhi kama mama anayempeleka mtoto kuchanjwa.

"Ukilivunja," akamwambia Mirella, "unirudishie vipande."

Ndani nilikutana na maneno.

"Umeniumbua mbele za watu, wewe mtoto."

"Si mimi, mama. Marehemu ndiye aliyesema."

"Hajafa bado."

"Ndiyo maana anasema."

Hakunipa chakula, nikajipakulia mwenyewe. Jioni iliyofuata makopo ya maziwa yakaenda kwa bibi apandaye mitishamba dirishani. Kisha baiskeli ikaenda kwa kijana fundi aliyekuwa na magurudumu bila baiskeli. Kitu kimoja kwa jioni, si zaidi. Nilikuwa nimejifunza kwamba mama anaweza kuvumilia kuondoka kwa kitu kimoja, ila viwili vikiondoka pamoja anakimbia na ndala. Mlango wa chumba ukaanza kupitisha bega, halafu mtu mzima akitembea ubavu.

Kilichonishangaza ni Mirella. Kila asubuhi blenda yake ilikuwa inanguruma, na kila iliponguruma mama alisimamisha cherehani, akainua kidole.

"Lile jagi langu," alisema, kama mtu anayesikia mwanawe akiimba kanisani.

Siku moja, kabla hata sijaushika wosia, nikamkuta anaburuta mlango wa friji kuja sebuleni. Alitaka uende kwa muuza samaki, autumie kama meza ya kuparia. Akaniambia nisiliweke neno "friji" mwishoni mwa mstari, kwani nitahangaika na kina. Kisha, bila kuombwa, akaongeza kwamba katika lile shairi langu la gazetini mstari wa pili unazidi mizani moja. Nikamwambia ashone sare zake. Mtu aliyeacha shule akiwa msichana, ndiye wa kunihesabia mizani?

Nilieleze lile shairi la gazetini. Mwaka huo gazeti moja la Jumapili lilikuwa limechapa shairi langu juu ya mto wetu Guayas, ukurasa mzima wa nyuma isipokuwa tangazo la magodoro. Nilinunua nakala zote nilizoziona, kuanzia kwetu hadi kando ya mto. Zilijaza makasha matatu, na makasha yalikaa kwenye pembe ya chumba cha nyuma, chini ya turubai. Vitu vya chumba vilipozidi kupungua, makasha yalizidi kuonekana. Siku kadhaa kabla ya mwaka kuisha yalikuwa yamebaki peke yake.

"Na haya?" mama akauliza. "Mrithi wake nani?"

Nikamweleza kwa subira kwamba yale si takataka, ni kumbukumbu. Siku watakapokuja watu kuandika maisha yangu wataanzia wapi?

"Yatafaa," nikasema.

Mama akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Siku ya mwisho Mzee Mwaka alikuwa ameinama kwenye kiti chake, maranda yanavuja kutoka mapajani. Mama akasema aibu gani hii, fundi cherehani yumo nyumbani na marehemu anachuruzika mlangoni. Akanituma sokoni nikanunue samaki na ndizi mbichi, tena nisirudi hadi nipate samaki mwenye macho mang'avu. Nikazunguka hadi mchana ukapita.

Niliporudi, Maryuri alikuwa ameshuka kutoka kwenye basi. Tumbo lake lilitangulia kuingia, yeye akafuata. Hakukaa, hakunywa maji. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akausukuma mlango, na mlango ukagonga ukuta. Sijawahi kuusikia ukigonga ukuta.

"Kumbe ina maua," akasema.

Sakafu ilikuwa na vigae vya njano vyenye maua ya samawati. Nimezaliwa nyumba ile, sikuwahi kuvijua. Kilichonishika zaidi ni pembe ya chumba, maana nayo ilikuwa na maua. Nikamuuliza mama makasha yangu yako wapi. Akasema watu wananingoja nje.

Nje Mzee Mwaka alikuwa amekaa wima, amenenepa kama meneja. Alikuwa amevaa koti langu la mistari, lile ninalosomea mashairi, na chini ya pua alikuwa amechorewa masharubu kama yangu, ambayo katikati hayajakubali kukutana. Watu walikuwa wameshaanza kucheka. Nikainua wosia wangu, lakini mama akanishusha mkono, akachomoa karatasi kifuani, akasoma kwa sauti ileile anayowaitia wateja waje kuchukua sare:

*Galo, bwana mshairi,*
*mgawa vitu vya ndani,*
*magazeti ya shairi*
*nimeyatia tumboni.*

Mtaa ukalipuka. Nikatia mkono ndani ya koti, nyuma ya vifungo, tumboni palipoachwa bila kushonwa, nikasikia karatasi zikilia. Nilichomoa moja. Mto wangu Guayas, umekunjwa kama kitambaa cha pua. Nikashika ukosi wa koti nimpasue hadi kiunoni.

"Haipingwi, kijana," Don Eudoro akasema. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake, mikono magotini, uso umetulia. "Mimi nilitoa kodiani."

Maryuri alikuwa amesimama mlangoni. Begi bado lilikuwa begani.

"Kama yanarudi ndani, sema mapema," akaniambia. "Basi la kurudi linaondoka saa kumi na mbili."

Mama alikuwa ameshaikunja tena karatasi yake, na mikono yake miwili ilikuwa imelishika begi la Maryuri kwa nyuma, kwenye mkanda, kama vile linaweza kukimbia.

Nikaurudisha mto wangu tumboni. Nikaomba sindano. Mama alikuwa nayo, imeshatungwa uzi. Nikalishona lile tumbo mimi mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, na nililishona vizuri, kwa sababu kitu nikikifanya nakifanya vizuri. Don Eudoro alipiga makofi mengi kuliko yaliyohitajika.

Baadaye, samaki akiwa jikoni, nilimkuta Maryuri anapanga nguo za mtoto kwenye kabati dogo. Droo ya chini ilikuwa imetandikwa gazeti. Nikainama. Ulikuwa ukurasa wangu, umenyooshwa kwa pasi, bila mkunjo hata mmoja, tangazo la magodoro limekatwa.

"Nilibakiza moja," mama akasema nyuma yangu.

"Ya nini?"

"Itafaa."

Akaweka juu yake rundo la nepi, akaacha mistari miwili ya kwanza ionekane, akaugusa ule wa pili kwa kidole, silabi moja baada ya nyingine, taratibu, midomo ikihesabu.

Mizani haizidi. Nimeihesabu tena na tena, haizidi.