Nimekuja Kumchukua Mwanangu

…na hilo godoro nalijua, maua ya buluu, pembe moja imeungua kwa pasi, nilimnunulia mwenyewe alipoingia chuo, sasa amelilalia bibi kizee nisiyemjua, mguu kaunyoosha mapajani mwa mwanangu, beseni la maji ya chumvi, pamba, harufu ya kidonda, na mwanangu hata hageuki, “Mama, keti hapo kwenye ndoo, namaliza sasa hivi,” eti keti, kama mgeni, haya nimeketi, mkoba nimeukumbatia, na wewe unalala wapi, namuuliza, “Kwenye mkeka, na wenzangu,” anajibu kwa raha zake, hapo kuna kitu, mtoto wa mwaka wa tatu wa uuguzi haachi kitanda cha bweni akaja kupanga chumba cha mabati eti kwa sababu wamesoma Injili pamoja, wasichana wanne, nguo zote kwenye kamba moja, sahani nne, hakuna hata kioo, nani kawafundisha haya, yule mlezi wa kikundi chao cha Injili, mwenye ndevu, anayecheka kabla hujamaliza kumsalimu, nilimwona siku ya wazazi nikasema moyoni huyu ana lake jambo, au kuna mwanamume mtaani humu, au ni huyu bibi mwenyewe, wapo watu wa hivyo, wanafuga kidonda wapate kuhurumiwa, ngoja nikitazame vizuri… hapana, hiki si cha kufuga, kimekula mpaka karibu na mfupa, na mwanangu anakisafisha bila kukunja uso, huyu ambaye nyumbani alikuwa hagusi hata samaki mbichi, wamemfanya nini, wamemnywesha nini, lakini nimekuja na maneno yangu tayari, baba yako ameanguka, fungasha twende, teksi inasubiri, baba yake mzima wa afya, nimemwacha sebuleni anasikiliza redio yake, Mungu atanisamehe, mama ni mama, nayasema sasa, “Mwanangu, baba yako…” “Polepole, mjukuu wangu,” bibi anaguna, wala si mimi ninayeambiwa, mjukuu wangu, na sentensi yangu naiacha nusu, mjukuu, mama yangu hakuwahi kumwita mtu hivyo, alilala mgonjwa miaka miwili kwenye chumba kama hiki, mabati haya haya yanayolia jua likipanda, nami nimeshaolewa ng’ambo ya mji, nimeshamwambia mume wangu kwamba mimi yatima, nikamwambia na huyu mtoto, bibi yako alifariki zamani, hukumkuta, naye alikuwa anapumua, mtoto ana miaka minne, ananiuliza bibi alikuwaje, na bibi alikuwa anapumua, nilituma shuka, nilituma sabuni, mwenyewe sikwenda, niliogopa harufu hii itanifuata mpaka kwangu… nani kamwambia mwanangu, ndiyo, kuna mtu kamwambia, ndiyo maana kachagua mtaa kama huu, amekuja kunikomoa, namtazama shingo, namtazama mikono, natafuta hasira, anazungusha bandeji, anamuuliza bibi kama amepata usingizi, anamchekea, hapana, hajui kitu, hakuna aliyemwambia, tangu nimeingia namsaka mwongo humu ndani na kumbe nimemkalisha kwenye ndoo, na mama yangu, nani alikuwa anamgeuza, nani alimwosha mgongo miaka yote miwili, maana siku ya mazishi nilimkuta safi, kucha zimekatwa, nywele zimesukwa, kuna mtu alikaa akamsuka, sikuuliza ni nani, niliwashukuru wote kwa pamoja nikawahi gari… “Mama, ulikuwa unasema baba amefanyaje?” “Hajambo,” nasema, “hajambo kabisa, anakusalimu,” “Haya, bado mizunguko miwili tu,” na bandeji inazunguka, bibi amefumba macho, jua limeingia kwenye tundu la bati, akimaliza nitamwambia, sijui nitaanzia wapi, nitaanza na jina, jina la bibi yake, hajawahi kulisikia.